Timu iliyotoroka mji wake usiku wa manane

Hebu fikiria, msomaji. Umeamka asubuhi, umefungua redio, na mtangazaji anakwambia kwamba ile timu aliyoishangilia babu yako, akairithi babako, nawe ukaipenda tangu ungali mtoto, imefunganya virago usiku na kuhamia mji ulioko yapata kilomita 900 kutoka kwenu. Haikuaga. Imebeba mipira, jezi, vikombe na hata jina.

Utadhani hizo ni hekaya za abunuwasi, lakini hivyo ndivyo walivyofanyiwa watu wa Baltimore, mji wa bandari katika jimbo la Maryland nchini Marekani, alfajiri ya Machi 29, 1984. Timu yenyewe ni Colts.

Kabla hatujaingia ndani ya kisa hiki, tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Wamarekani wanapotaja futiboli hawana maana ya kandanda yetu. Wao hucheza mpira wenye umbo la yai, unaofanana na ule wa raga, wachezaji 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu na mito ya mabegani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, inawaachia wapinzani. Anayepanga mashambulizi na kurusha mpira huitwa kwotabeki, naye ndiye roho ya timu.

Jina Colts maana yake ni farasi wachanga wa kiume. Lilifaa, kwani Baltimore ni mji uliosifika kwa mashindano ya farasi tangu karne ya 19. Timu ya kwanza ya jina hilo ilianza mwaka 1947, ikafilisika na kuvunjwa baada ya msimu wa 1950. Mashabiki hawakukata tamaa. Mwaka 1953 mfanyabiashara wa hapo hapo, Carroll Rosenbloom, alipewa timu mpya katika ligi kuu ya NFL, na farasi wale wakarudi uwanjani, safari hii wakiwa na alama ya kiatu cha farasi.

Mwaka 1956 alikuja kijana mmoja aitwaye Johnny Unitas. Pittsburgh Steelers walikuwa wamemfukuza mwaka uliotangulia bila hata kumpa nafasi ya kucheza mechi ya ligi, naye akawa akichezea timu ndogo ya mtaani kwa malipo ya dola 6 kwa mechi. Ama kweli jiwe walilolikataa waashi ndilo lililokuja kuwa la pembeni. Desemba 28, 1958, katika uwanja wa Yankee mjini New York, Unitas aliwaongoza Colts dhidi ya New York Giants katika fainali ya ligi. Zikiwa zimesalia sekunde 7, Colts walisawazisha kwa mkwaju, 17-17. Ilibidi muda uongezwe, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika fainali ya ligi hiyo. Alan Ameche akapenya ngome ya Giants na kumaliza kazi, 23-17. Mamilioni ya Wamarekani waliitazama mechi hiyo kwenye televisheni, na hadi leo wengi wao huiita mechi bora kuliko zote. Mwaka uliofuata Colts waliwacharaza Giants tena, 31-16.

Baltimore ulikuwa mji wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma na makuli wa bandarini. Wachezaji wengi wa siku hizo waliishi mitaa ile ile ya mashabiki wao na kufanya vibarua msimu ukiisha, maana mishahara haikuwa minono. Mtu angeweza kukutana na shujaa wake dukani akinunua mkate. Ndiyo sababu walioipenda timu hiyo waliihesabu kuwa mali yao.

Lakini karatasi za umiliki zilisema vingine. Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya Colts kutwaa taji la Super Bowl kwa kuwalaza Dallas Cowboys 16-13, Rosenbloom alibadilishana timu na mtu mwingine kama watu wanaobadilishana magari. Robert Irsay, tajiri aliyepata fedha zake katika kazi ya mitambo ya kupasha na kupoza hewa majumbani, alinunua Los Angeles Rams, akampa Rosenbloom timu hiyo, naye akachukua Colts. Mashabiki hawakuulizwa.

Kuanzia hapo mambo yalianza kwenda mrama. Irsay alitaka uwanja bora kuliko ule wa Memorial uliokuwa umechakaa, serikali ikavutana naye kuhusu fedha. Uwanjani, farasi walikonda. Msimu wa 1982, uliofupishwa na mgomo wa wachezaji, hawakushinda mchezo hata mmoja. Mwaka 1983 walimchagua kijana hodari wa chuo kikuu, John Elway, naye akakataa katakata kuwachezea. Alipelekwa Denver, ambako alikuja kutwaa mataji mawili ya Super Bowl.

Januari 1984 Irsay aliwaambia wanahabari katika uwanja wa ndege wa Baltimore kwamba hakuwa na nia ya kuhama. Wakati huo huo Indianapolis, mji ulioko katika jimbo la Indiana, ulikuwa ukijenga uwanja mpya wenye paa na viti 60,000 hivi, bila timu ya kuchezea humo. Meya wake, William Hudnut, alikuwa akimmezea mate Irsay.

Mnamo Machi 27 seneti ya Maryland ilipitisha mswada wa kuuruhusu mji wa Baltimore kuitwaa timu kwa nguvu za sheria, kama vile serikali inavyotwaa shamba la mtu ili ijenge barabara. Irsay aliposikia habari hizo, hakungoja. Usiku wa Machi 28 malori ya kampuni ya Mayflower yaliingia katika makao ya Colts. Watu walipakia usiku kucha. Kulipopambazuka, malori yalikwisha shika njia mbalimbali kuelekea Indiana. Gavana alitia sahihi sheria ile siku hiyo hiyo, lakini ng'ombe alikuwa amekwisha toka zizini. Kesi ilipelekwa mahakamani, na Baltimore ikashindwa.

Unitas alikasirika hata akakataa kuhusishwa na timu ya Indianapolis hadi alipofariki mwaka 2002. Lakini waliofanya jambo la kusisimua zaidi ni wanabendi wa Colts, watu wa kawaida waliopiga ngoma na tarumbeta siku za mechi. Usiku ule sare zao zilikuwa kwa dobi, kwa hivyo hazikupakiwa. Basi wakaendelea! Bendi isiyo na timu ilipiga muziki katika gwaride na katika viwanja vya watu wengine kwa miaka 12, ikiwakumbusha wakuu kwamba mji ule bado ulikuwa na kiu ya mchezo.

Kiu hiyo ilizimwa mwaka 1996, na hapa ndipo kisa kinapopinda. Baltimore nayo iliichukua timu ya watu! Art Modell, mmiliki wa Cleveland Browns, alitangaza Novemba 1995 kwamba angehamia Baltimore, na watu wa Cleveland wakalia machozi yale yale. Tofauti ni kwamba Cleveland ilipigana ikafaulu kubaki na jina, rangi na historia ya Browns, na mwaka 1999 ikapata timu mpya ya kuvitumia. Timu ya Modell ikaitwa Ravens, yaani kunguru, na ile bendi ya Colts ikawa bendi yake.

Nao Colts? Walistawi ugenini. Kwotabeki Peyton Manning alijiunga nao mwaka 1998, na Februari 4, 2007 waliwanyuka Chicago Bears 29-17 na kutwaa Super Bowl. Kocha wao, Tony Dungy, akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kushinda taji hilo akiwa kocha mkuu. Nasi Wakenya tuna sababu ya kuikumbuka timu hiyo, kwani mwaka 2013 ilimsajili Daniel Adongo, kijana wetu mcheza raga ambaye hakuwa amecheza mchezo huo maishani mwake. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani katika mechi ya ligi akivaa kofia yenye kiatu cha farasi. Aliondoka mwaka 2015.

Sasa nikuulize, msomaji: timu ni ya nani? Mwanasheria atakujibu kwamba ni ya mwenye hati, na mahakama zilisema hivyo. Lakini hati haikupiga kelele uwanjani wakati wa theluji, wala haikuwafundisha watoto majina ya wachezaji. Watoto wa Indianapolis waliozaliwa baada ya 1984 nao wanaipenda Colts kwa dhati, na hakuna awezaye kuwaambia kwamba wameiba. Pengine funzo wanalo wale wanabendi: mwenye mali alichukua kila alichoweza kupakia katika malori, na waliobaki waliendelea kupiga ngoma mpaka mji wao ukasikika.