Mgombea Urais Aulizwe Mipaka ya Madaraka Yake

Hivi karibuni nilifika Ilongero, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, nikaketi jioni moja na walimu wachache pamoja na karani mmoja wa halmashauri. Mazungumzo yalianza na bei ya alizeti, yakapita kwenye uhaba wa nyumba za walimu, na hatimaye, kama ilivyo desturi ya watu wanaosoma magazeti, yakaishia kwenye siasa. Ndipo mwalimu mstaafu, mzee kuliko sote pale, aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Ndugu yangu mwandishi," alisema, "kila baada ya miaka mitano mnatueleza mgombea urais atajenga barabara ngapi na zahanati ngapi. Mbona hamtuelezi anayaonaje yale madaraka tunayokwenda kumkabidhi?"

Mzee huyu si mpinzani wa Chama. Kadi yake ya TANU bado ameihifadhi, na ahadi ya mwana TANU kwamba cheo ni dhamana anaijua kwa moyo. Hofu yake ni ya mtu wa nyumbani anayeona nyufa katika ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo nimeona haifai kuipuuza.

Tuangalie jinsi kampeni zetu zinavyoendeshwa. Mgombea hupanda jukwaani na kusema: nitajenga, nitaleta, nitafukuza. Anaposema nitajenga, wananchi hupiga makofi. Anaposema nitafukuza, makofi huwa makubwa zaidi. Ni nadra mtu kusimama akauliza: utamfukuza nani, kwa sheria ipi, na baada ya kumsikiliza nani? Sisi waandishi, nikiwamo mimi, tumeandika habari za mikutano ya namna hiyo kwa furaha, tukaita ukali huo uchapakazi.

Watumishi wa umma hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2015. Marehemu Rais John Magufuli aliingia madarakani akiwa na kiu ya kweli ya kuondoa uzembe na wizi, na wengi tulimshangilia kwa haki. Lakini upesi ikawa jambo la kawaida ofisa kuachishwa kazi hadharani, mbele ya kamera, kabla hajaulizwa neno. Mwezi Aprili, 2017 ilitolewa orodha ya watumishi 9,932 walioelezwa kuwa na vyeti vya kughushi, na amri ya kuwaondoa ikatolewa siku hiyo hiyo. Kughushi cheti ni kosa la jinai, wala hakuna mwalimu mwaminifu anayelitetea. Hata hivyo baadhi ya watu walioorodheshwa walikata rufaa, ikadhihirika kwamba vyeti vyao vilikuwa halali. Hao walikwisha kuadhibiwa kabla ya kusikilizwa. Yule karani wa Ilongero alinieleza kwamba tangu siku hizo amejifunza kutoandika maoni yoyote kwenye jalada. Huandika "naleta kwako kwa maelekezo" na kusukuma jalada mbele. Msomaji aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua hasara ya jambo hilo kwa nchi.

Yapo maoni kwamba haya yalikuwa matokeo ya tabia ya mtu mmoja. Sikubaliani nayo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 37, inasema Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kukiri kwamba madaraka aliyopewa na Katiba yalimtosha kuwa dikteta kama angetaka. Hakutaka kuwa dikteta, ingawa sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini ilitumika katika enzi yake. Vazi lilikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, tukaendelea kuwavika wengine bila kulipunguza.

Na Chama kililifahamu hilo mapema. Vijana wengi hawajui kwamba mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ndiyo iliyotoa mapendekezo ya kubadili Katiba na kuwataka wananchi wayajadili, na kwamba madaraka ya Rais yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyopendekezwa kujadiliwa. Wakati huo ilikuwa wazi kwamba Mwalimu yu karibu kung'atuka, na kila mtu mwenye busara alijiuliza iwapo mgombea atakayemfuata anaweza kukabidhiwa yote yaliyokuwa mikononi mwake. Mjadala ule ulizaa mabadiliko ya mwaka 1984: Haki za Binadamu zikaingizwa katika Katiba, na Rais akawekewa ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini tuseme kweli: tulipunguza muda wa kushika madaraka, ukubwa wake tukauacha karibu ulivyokuwa.

Hata muda wenyewe ulijaribiwa. Mwaka 2017 mbunge wa Chemba, jirani zetu hapa, alitaka kupeleka bungeni muswada wa kurefusha kipindi cha urais kutoka miaka mitano hadi saba. Chama na Rais mwenyewe walilikataa wazo hilo. Wenzetu wa Uganda hawakubahatika: ukomo wa vipindi uliondolewa mwaka 2005, na ukomo wa umri ukafuata mwaka 2017.

Mwananchi wa Ilongero asidhani kwamba mambo haya ni ya Dodoma na Dar es Salaam pekee. Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri wote huteuliwa na Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48, na wapo walimu na waganga walioonja saa hizo kwa sababu ya kuchelewa kikao au kujibu kwa sauti isiyopendeza. Kwa miaka mingi wakurugenzi hao hao ndio waliosimamia uchaguzi majimboni. Mahakama Kuu ililitengua jambo hilo mwezi Mei, 2019, na Mahakama ya Rufani ikalirudisha mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Jimbo hili, lililojulikana kama Singida Kaskazini mwaka 2017, lina kumbukumbu yake. Tarehe 30 Oktoba, 2017 mbunge wake, Ndugu Lazaro Nyalandu, alijiuzulu na kukihama Chama. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kukosekana kwa mipaka ya wazi kati ya Serikali, Bunge na Mahakama. Mwaka 2020 aliomba kugombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, nafasi ikaenda kwa Ndugu Tundu Lissu, naye pia mzaliwa wa mkoa huu. Mwaka 2021 Ndugu Nyalandu alirejea CCM. Tulimpokea kwa shangwe, nami nilifurahi. Ila sikumbuki kama kuna aliyeuliza katika shangwe zile iwapo ile mipaka imekwisha kuwekwa.

Nayajua majibu ya wasiokubaliana nami. Watasema nchi maskini inahitaji kiongozi mwenye nguvu, kwamba reli na bwawa la umeme havijengwi kwa malumbano. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki Rais asiyeweza kuamua. Lakini dereva wa basi la Singida hukanyaga mafuta kwa ujasiri kwa sababu anajua breki zinashika.

Breki iliyokosekana kuliko zote ni ya mahakama. Ibara ya 41 inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Mwezi Julai, 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kenya ilifuta matokeo ya urais mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020, na nchi zote mbili zipo. Sisi tulikwenda kwenye uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, 2025 huku Ndugu Lissu akiwa rumande kwa shtaka la uhaini, na uchaguzi huo ukaambatana na maandamano na umwagaji wa damu. Tume ya kuchunguza yaliyotokea iliundwa na Rais, ambaye ndiye aliyekuwa mgombea. Simtuhumu mtu nia mbaya. Nasema tu kwamba hakukuwa na mwingine mwenye madaraka ya kuiunda.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokabidhiwa mwezi Desemba, 2013, ilipendekeza matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa tarehe 2 Oktoba, 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili, 2015 iliahirishwa, na haikufanyika.

Kwa hiyo naungana na mzee wa Ilongero. Vikao vya Chama vitakapoanza kuwapima watakaotaka kugombea mwaka 2030, kila mmoja atakiwe kueleza kwa maandishi, wajumbe wayasome: yu tayari matokeo yake yapingwe mahakamani? Ataacha uteuzi wa nani uthibitishwe na Bunge? Atazifuta zile saa 48? Asiyetaka kujibu angalau tumfahamu mapema.

Nilipoaga, mzee aliniuliza kama gazeti litakubali kuyachapisha haya. Nilimwambia nitayapeleka kwa mhariri. Akacheka, akaniambia nisisahau kumletea nakala, kwani gazeti huchelewa kufika Ilongero.