"KAZI IMEPUNGUA" KWA NANI?

Ndugu Wafanyakazi wa Makutano,

Sote twajua namna inavyofanywa. Mwenzetu aona mkanda wa mashine ya kupasua mbao wazunguka bila kifuniko. Amwambia msimamizi, naye aitikia vizuri, tena kwa tabasamu. Jumatatu asubuhi vibarua waitwa langoni. Jina lake halisomwi. Akiuliza ajibiwa, "Kazi imepungua." Ajabu, imepungua kwake peke yake!

Sisi hatuombi fadhila ya mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 8, yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa kuwa amelalamika juu ya hatari. Kifungu cha 14 chasema aliyeondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asifukuzwe wala asiadhibiwe. Mabwana wetu wayajua haya sana. Ndiyo maana hakuna hata mmoja asemaye, "Tumekufukuza kwa sababu ulisema." Husema kazi imepungua.

Basi tusilalamike kwa mdomo mtupu. Andika tarehe, saa, mashine gani, na jina la uliyemwambia. Nakala moja mpe mjumbe wa chama siku ile ile, usingoje Jumatatu. Naye aliyekwisha kufukuzwa asikae nyumbani akinung'unika: apeleke malalamiko kwa afisa wa kazi kabla ya miezi 3 kupita tangu siku aliyofukuzwa. Mjumbe wetu atakwenda naye.