Bumu, Ijumaa na Meza ya Raundi

Ulevi wa chuoni huanza kabla chupa haijafunguliwa. Mwanafunzi wa Tanzania ambaye Jumanne usiku hupitia madaftari yake kwa soda moja, Ijumaa bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likitoka huondoka hosteli akiwa ameshanuia kulewa. Mwanafunzi ni yuleyule. Siku na watu ndivyo vilivyobadilika.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia aliyoifafanua mwaka 1991, alisema nia hujengwa na mambo matatu: mtazamo wa mtu mwenyewe, anachodhani wenzake wanakitarajia kwake, na uwezo anaojiona nao wa kulitenda jambo. Mfuko uliojaa humpa mwanafunzi hilo la tatu. Meza ya baa humpa la pili, tena kwa kelele.

Desturi ya raundi inatosha kuwa ushahidi. Sita wakikaa pamoja na kila mmoja akazungusha yake, kila mtu hujikuta na chupa sita mbele yake, hata aliyekuja na kiu ya mbili. Akikataa, ataitwa mlokole au bahili. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 za kilevi halisi katika kikao kimoja kuwa unywaji wa kupindukia, na chupa tatu za nusu lita zenye kilevi cha asilimia 5 hukaribia kabisa kufika hapo. Nusu ya meza hiyo bado haijatoa hela!

La kusikitisha ni kwamba tarajio hilo la wenzake mara nyingi ni la kudhania. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walionyesha, katika chuo kimoja cha Marekani, kuwa wanafunzi waliwadhania wenzao kuupenda ulevi kuliko walivyoupenda kweli. Kila mmoja anamnywea mwenzake.

Sheria husaidia kwa kiasi. Kenya mwaka 2010 iliziwekea baa saa za kuuza. Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017. Lakini nia iliyofungwa mchana haingoji baa ifunguliwe.

Basi serikali za wanafunzi na washauri wao wauangalie usiku wa bumu na ule wa mtihani wa mwisho: mechi, sinema au ngoma iwepo usiku huohuo, si wiki ijayo. Na mwanafunzi anayekwenda baa ahesabu chupa zake angali hosteli, kisha alipie zake tu.