Jiwe Mkononi mwa Mzee

Wako wahakiki wasemao kwamba katika "An Unearthly Child", mchezo wa kwanza wa Doctor Who ulioonyeshwa na BBC mwaka 1963, sehemu ya kwanza yatosha, na zile tatu zifuatazo, za watu wa mapangoni wagombeao moto, zafaa kutupwa. Hukumu hiyo ni ya wavivu. Kweli zinakokota, na makelele yake yachosha. Lakini aishiaye sehemu ya kwanza ameona chombo kilicho kipana ndani kuliko nje. Mwenye chombo hajamwona. Huonekana msituni, aokotapo jiwe kando ya majeruhi, hata mwalimu Ian akamkamata mkono. Naye mzee ajitetea, eti alitaka tu kuchorewa njia ya kurudi chomboni!