Tenisi: Wanaosifiwa kupita kiasi, na wale ambao pointi haziwafikii

Kila mashindano makubwa ya tenisi yanapokaribia, mabishano yaleyale yanarudi: nani anasifiwa kuliko anavyostahili? Hapa Uvira tenisi haiwezi kulinganishwa na kabumbu, lakini kwenye vibanda vya kubeti vijana wengi huweka tiketi zao kwa majina ya tenisi wanayoyasikia mara kwa mara. Jina likiwa kubwa, pesa zinafuata. Hapo ndipo sifa za bure zinapogeuka hasara ya mfukoni.

Kwa upande wa wanawake, jina linalotajwa sana ni Emma Raducanu wa Uingereza. Mwaka 2021, akiwa na miaka 18 na akishika nafasi ya 150 duniani, aliingia US Open kupitia mechi za mchujo. Alicheza mechi 10 na kutwaa kombe bila kupoteza hata seti moja. Uingereza haikuwa imepata bingwa wa kike wa Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja tangu Virginia Wade mwaka 1977, kwa hiyo kampuni za manukato, magari na vito zilimkimbilia mara moja. Mwaka uliofuata akatolewa raundi ya kwanza palepale New York, na akaporomoka kutoka nafasi ya 11 hadi ya 83.

Je, alisifiwa kupita kiasi? Kama mchezaji, hapana: mechi zile 10 alizishinda mwenyewe. Kilichopandishwa kupita kiasi ni bei ya jina lake, na bei hiyo iliwekwa na soko la matangazo. Anna Kournikova alipitia hayo kabla yake. Hakuwahi kushinda kombe hata moja la mchezaji mmoja mmoja, lakini watu husahau kwamba alifika nafasi ya 8 duniani mwaka 2000 na kushinda Australian Open mara mbili akicheza na Martina Hingis. Huyo si mchezaji dhaifu.

Kwa wanaume, wengi humnyoshea kidole Alexander Zverev wa Ujerumani. Hadi mwisho wa 2025 alikuwa amepoteza fainali tatu za Grand Slam: New York 2020, Paris 2024 na Melbourne 2025. Lakini ana dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo na makombe mawili ya ATP Finals. Mimi naona fainali tatu ni kazi ya mtu anayejua mchezo. Shida ni kwamba kila mwaka anatangazwa bingwa kabla hajagusa mpira.

Wapo wanaosema basi tuache majina, tutazame orodha ya ubora. Orodha hiyo inajumlisha pointi za wiki 52 zilizopita, basi. Inamlipa anayecheza mara nyingi bila kuanguka mapema. Ndiyo maana Marcelo Ríos wa Chile alikaa nafasi ya kwanza wiki sita mwaka 1998 na hakuwahi kushinda Grand Slam. Dinara Safina wa Urusi aliongoza mwaka 2009, naye hakushinda. Caroline Wozniacki wa Denmark alimaliza 2010 na 2011 akiwa wa kwanza duniani, akitukanwa kila wiki kwamba kiti si chake. Mwaka 2018 akashinda Australian Open, na kelele zikapungua.

Mwaka 2022 orodha hiyo ilituonyesha kioja. Wimbledon iliwafungia wachezaji wa Urusi na Belarus, na ATP na WTA zikajibu kwa kuondoa pointi zote za mashindano hayo. Elena Rybakina akashinda Wimbledon na kubaki nafasi ya 23 aliyokuwa nayo. Novak Djokovic akashinda upande wa wanaume na kushuka kutoka ya 3 hadi ya 7! Ons Jabeur wa Tunisia, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika fainali ya Grand Slam katika zama za tenisi ya kulipwa, hakupata pointi hata moja kwa safari ile yote.

Lakini kwetu sisi wa maziwa makuu, kasoro kubwa iko mlangoni, kabla mechi haijaanza. Kila Grand Slam hutoa kadi za mwaliko, na nyingi huenda kwa raia wa nchi mwenyeji. Marekani, Ufaransa na Australia hata hubadilishana kadi kati yao. Katika US Open ya 2025, mchezaji aliyepoteza mechi yake ya kwanza tu alipata dola 110 000 na pointi 10. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake yana zawadi ya dola 15 000 kwa wachezaji wote. Anayeshinda mechi tano mfululizo na kubeba kombe anapata zaidi kidogo ya dola 2 000 na pointi 15. Toa tiketi ya ndege, hoteli na viza, uone kinachobaki.

Sada Nahimana anaijua ngazi hiyo. Ni Mrundi, mtoto wa nchi jirani ambayo kutoka hapa unaifikia kwa kupita Kavimvira na Gatumba, mpaka ukiwa wazi. Ilibidi aende Casablanca, kwenye kituo cha shirikisho la kimataifa ITF, ili akue kimchezo.

Angella Okutoyi wa Kenya naye alishinda Wimbledon ya wasichana mwaka 2022, wakicheza wawili wawili na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Baadaye akajiunga na chuo kikuu cha Auburn, Marekani, ambako mechi za chuo haziingizi pointi za WTA. Machi 2024 akatwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra. Dhahabu hiyo ingemfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: awe ndani ya 400 bora duniani kufikia Juni. Hakuwa ndani, na Paris hakwenda.