Waliodai haki ziandikwe

Na Subilaga Mwalugaja

Vijana wa kidato cha tano na cha sita hapa Tukuyu wakiniuliza haki zao zimeandikwa wapi, nawaelekeza kwenye Katiba, ibara ya 12 hadi ya 24. Wakiuliza ni nani aliyeziweka humo, wengi wanalo jibu tayari: Serikali, mwaka 1984. Jibu hilo silikubali, na nyaraka zenyewe zinalikataa.

Mkataba wa udhamini wa 1946, ulioiweka Tanganyika chini ya Uingereza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, uliahidi uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukutana na wa kupeleka malalamiko. Wameru walioondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 waliichukulia ahadi hiyo kwa uzito. Mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Kumbe wananchi walikuwa wakidai haki kwa maandishi kabla hata TANU haijazaliwa.

Uhuru ulipokuja, katiba za 1961 na 1962 hazikuwa na sura ya haki. Mwaka huohuo wa 1962 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Tume ya mfumo wa chama kimoja, iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, ilieleza msimamo wa kuikataa sura hiyo waziwazi katika ripoti yake ya 1965: taifa changa linahitaji kubadili mambo upesi, na haki zikiwa sheria, mahakama zitagongana na Serikali. Msomaji wa leo asiidharau ripoti hiyo. Majaji wengi wakati ule walikuwa bado wageni, na hofu ya viongozi ilikuwa na chanzo. Lakini tuipime kwa matokeo yake pia. Haki zikabaki kwenye utangulizi wa Katiba, mahali ambapo mtu aliyefungiwa hakuweza kuzishika mbele ya jaji, na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza 1966 ilipokea malalamiko bila kuwa na uwezo wa kutoa hukumu.

Sasa chukua mapendekezo ya Halmashauri Kuu ya CCM ya mwaka 1983. Yalihusu madaraka ya Rais, Bunge, uwakilishi, Muungano na nguvu za wananchi. Sura ya haki haimo. Kisha soma Sheria Na. 15 ya 1984 iliyorekebisha Katiba: imo. Kati ya karatasi hizo mbili kulikuwa na mjadala wa nchi nzima, ambamo wananchi, wanasheria na Wazanzibari waliidai kwa sauti kubwa. Kwangu mimi, tofauti hiyo ndiyo ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote.

Na usiishie hapo, soma na Sheria Na. 16 ya mwaka huohuo. Ilizizuia mahakama kuzitumia haki hizo kufuta sheria yoyote hadi Machi 1988. Serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, nyingi haikuzigusa.

Mlango ulipofunguliwa, Jaji Mwalusanya wa Mwanza aliamua mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume. Mila iliyokuwa ikimzuia ilikuwa imeandikwa na Serikali yenyewe mwaka 1963. Hapa Rungwe, ambako shamba la migomba na chai hurithiwa kwa upande wa baba, hukumu hiyo ingepaswa kusomwa kwenye kila baraza la ardhi la kata.

Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1983 bado tunao, Masoko, Kiwira na hapa mjini. Walimu wa historia wawatume wanafunzi wakawaulize: mkutano wa mjadala wa Katiba ulifanyika wapi, nani alisimama, alisema nini kuhusu haki, na muhtasari ulipelekwa ofisi gani. Kisha watafute muhtasari huo kwenye makabati ya kata na ya wilaya, kabla mchwa na mvua zetu hazijaumaliza.