BWANA SHAMBA ANASEMA: Usikate Sega la Majana



Mwezi huu tuzungumze juu ya nyuki. Nyuki ni mali. Wafugaji wa Chunya na Mufindi wanalijua jambo hilo.

Mzee mmoja wa Chunya alirina asali usiku kwa mwenge wa moto. Alikata masega yote, ya asali na ya majana. Majana ni watoto wa nyuki. Wiki chache baadaye mzinga ulikuwa mtupu.

Mzee aliniuliza, "Bwana Shamba, nyuki wengi walibaki. Kwa nini hawakupata malkia mwingine?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, malkia aliungua kwa moto. Malkia mpya hulelewa kutokana na jana mchanga. Nawe majana uliwamaliza wote."

Mzee alishangaa. Alidhani malkia huzaliwa malkia. Sivyo. Malkia na nyuki mfanyakazi hutoka katika mayai ya aina moja. Yai huanguliwa baada ya siku 3. Mwanzoni majana wote hulishwa maziwa ya nyuki. Kisha wengi huachishwa, wakalishwa asali na chavua. Hao huwa wafanyakazi. Jana anayeendelea kulishwa maziwa kwa wingi huwa malkia. Mfanyakazi huishi wiki chache tu. Malkia huweza kuishi miaka, akitaga mayai.

Je, chakula huwezaje kufanya hivyo?

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli. Seli ni ndogo sana, haionekani kwa macho. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zilizoviringwa. Nyuzi hizo hubeba maelekezo ya kujenga mwili. Maelekezo hayo huitwa jeni.

Fikiri juu ya kitabu. Ukurasa uliofunguliwa husomwa. Ukurasa uliofungwa hausomwi, ingawa maneno yamo. Ndivyo zilivyo nyuzi hizo. Zikilegea, jeni husomwa. Zikikazwa, hazisomwi. Hata mwilini mwako, seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kimoja. Tofauti ni kurasa zinazosomwa.

Malkia na mfanyakazi nao wana kitabu kimoja. Chakula hubadili kurasa zinazosomwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Australia walijaribu jambo hili. Ndani ya seli kuna alama ndogo zinazosaidia kuamua jeni zipi zisomwe. Wataalamu walizuia alama hizo zisiwekwe katika majana wachanga. Wengi wa majana hao walikua wakawa malkia, kama kwamba wamelishwa maziwa ya malkia.

Lakini kitabu hakingoji siku zote. Jana akipita siku 3 hivi tangu kuanguliwa, hawezi tena kuwa malkia mzuri. Njia yake imekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo mzinga uliopoteza malkia unahitaji mayai au majana wachanga. Bila hao, nyuki huzidi kupungua hadi kwisha.

Basi, fanya hivi:

1. Tumia moshi, usitumie moto.
2. Kata sega la asali iliyofunikwa tu.
3. Acha masega yote yenye mayai na majana.
4. Waachie nyuki asali ya kula.

Yule mzee sasa anarina kwa bomba la moshi. Mzinga wake una nyuki tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jana mmoja huwa malkia na mwingine mfanyakazi?
2. Katika kijiji chenu, watu hurina asali namna gani?